Karatasi Iliyosahau Jembe

Kwanza nilisikia bati likigonga meno. Sauti ndogo, kavu, mara tatu, kisha kimya, kisha mtu akashusha pumzi. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya pazia la chumba chetu cha mazoezi, hospitalini kule Same, natafuta skrubu ya kiti kilichoanza kulegea. Aliyeingia sikumwona. Lakini nilijua kwamba upande wa pili wa pazia kuna mtu anayekunywa chai kwa kukifuata kikombe kwa shingo, kwa sababu mkono umekataa kukileta mdomoni.

"Kiwiko," nikasema, bado niko sakafuni.

"Enhe," ikajibu sauti ya mwanamke. "Umekijuaje, nawe umejificha kama panya?"

Nikatoka nikijikung'uta magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na mvi zako hizo."

Ndivyo nilivyokutana na Mama Elisante wa Mamba, kule milimani, mkulima wa tangawizi, mjane aliyeshavuka miaka sitini na mitano. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na nilijiona nimeshashika kila aina ya mkono na mguu ambao milima ya Upare ingeweza kuniletea. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya kurudisha viungo, naandika haya kwa ajili yenu. Nimefanya makosa mengi, na kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya nikiwa nimeshaitwa bingwa.

Alikuwa ameanguka kwenye mteremko baada ya mvua, mzigo wa tangawizi kichwani. Kiwiko cha kulia kilivunjika vipande vipande, kama chungu. Katika hospitali kubwa, mbali na kwetu, walivitoa vile vipande na kumwekea kiwiko bandia, bawaba ya chuma na plastiki, mguu mmoja umezama kwenye mfupa wa juu na mwingine kwenye mfupa wa chini. Wakamfunga, wakamkalisha, wakamrudisha Same kwa mwanawe Elisante ili apone karibu na sisi.

Nyonga na magoti ya bandia nilishayaona. Kiwiko, kamwe. Nilifungua bahasha ya picha za eksirei, nikaziinua kwenye dirisha. Chuma kilikuwa cheupe ndani ya mkono wake kama mwezi mwembamba uliozama kwenye maziwa.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Afadhali. Wote kule walikuwa hawaogopi, wakanitisha mimi."

Acheni nirudi nyuma kidogo, maana bila mzee Zakaria hamtaelewa kwa nini niliogopa. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa na mashine. Alikuwa na rimu ya baiskeli aliyoining'iniza darini, kamba, na vipini viwili vya mbao alivyovilainisha kwa mikono yake. Mgonjwa alishika kipini huku na kipini kule, mkono mzima ukauinua mkono mgonjwa. Leo mna simu inayopima pembe ya kiwiko kwa kuiweka tu juu ya ngozi, na si vibaya, mimi mwenyewe niliipenda. Lakini Zakaria alipima kwa macho na hakukosea sana.

Siku moja, mimi kijana mwenye haraka, aliletwa mzee mfugaji kutoka tambarare, mtu mrefu aliyezoea kusimama akiwa ameegemea fimbo yake. Kiwiko chake kilikuwa kimekauka baada ya kufungwa plasta kwa wiki nyingi mno, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Zakaria alikuwa ameondoka kidogo. Nikaona nimfurahishe. Nikaushika mkono wa yule mzee nikauvuta, nikaona unanyooka, nikavuta zaidi. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama unavyomtazama ndama anayekukanyaga mguu. Wiki iliyofuata kiwiko kilikuwa kimevimba, cha moto, kigumu kuliko mwanzo, na hakikurudi tena pale nilipokuwa nimekifikisha.

Zakaria hakunifokea. Alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akanishika kiwiko, akaanza kukivuta taratibu. Mimi nikakaza msuli bila kupenda.

"Mbona unakaza?" akauliza.

"Unanivuta, mzee."

"Haya. Na yule babu naye alikaza. Wewe hukumsikia kwa sababu ulikuwa unajisikiliza mwenyewe."

Tangu siku hiyo sikuvuta kiwiko cha mtu. Niliuomba mkono uje, nikausubiri. Goti litakuvumilia kidogo, bega litalalamika halafu lisahau. Kiwiko kina kinyongo.

Kwa hiyo na Mama Elisante nilianza polepole. Daktari aliyempasua alikuwa amepita kwenye msuli wa nyuma wa mkono, akaushona tena, na mshono ule ulihitaji wiki sita za amani. Asisukume kitu. Asijiinue kwenye kiti kwa mkono ule, asisukume mlango, asikande unga. Kukunja aliruhusiwa. Nilimtandikia kanga mezani, akaweka kiganja juu yake, akawa anaisogeza mbele na kuirudisha kama anayefuta vumbi. Nilimlaza chali, mkono juu, uzito wa mkono wenyewe ukauteremsha kuelekea paji la uso. Kila siku nilimuuliza kuhusu kidole kidogo na jirani yake, maana mshipa wa fahamu unaovihudumia unapita hapo hapo kiwikoni, na vikianza kufa ganzi ujue mambo hayaendi vizuri.

Wiki zikapita na mkono haukusogea kama nilivyotaka. Hospitalini kwangu ulifika kidevuni mwake, lakini kila Jumatatu ulirudi umelala. Sikuelewa. Ikabidi niende nyumbani kwa Elisante nikaone.

Nilifika wakati wa chakula. Makande yalikuwa mezani, na Upendo, mke wa Elisante, alikuwa amekaa mbele ya mama mkwe wake na kijiko mkononi. Alipuliza, akaonja joto kwa mdomo wake, akamlisha. Mama Elisante alikuwa akitafuna huku akitazama dirishani.

"Upendo," nikasema, "nani anamlisha kila siku?"

"Mimi, daktari," akajibu kwa fahari. "Tangu alipokuja hajashika kijiko."

"Ndiyo maana mkono umelala. Kuanzia leo kaa juu ya mikono yako."

Nilisema kwa mzaha, lakini uso wake ukabadilika. Akaweka kijiko chini. "Mama yangu mzazi alifariki mimi niko shule ya bweni," akasema. "Sikuwahi kumlisha hata mara moja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili. Na hapo hapo, kama mtu aliyekuwa akingoja shahidi, Mama Elisante akafungua mdomo.

"Daktari, nisikie. Elisante anataka nisirudi Mamba. Anataka shamba alichukue binamu yake, mimi nikae hapa kwenye kochi. Ana nia njema, simlaumu. Ameniambia nikiweza kula na kujivika mwenyewe tutazungumza. Nisipoweza, basi." Akautazama mkono wake kama anavyotazamwa mtoto mzembe. "Sasa wewe niambie kama unanifundisha kupona au unanifundisha kukaa kwenye kochi."

Tukabadilisha mazoezi. Niliwaambia wampe maharage ya kuchambua, bakuli la kupokelea liwe limeinuliwa juu ya kopo, kila siku juu zaidi kidogo, mpaka likafika usawa wa kifua chake. Alichambua maharage ya nyumba nzima, kisha ya majirani. Upendo alikaa pembeni, kweli amekalia mikono yake, wakicheka. Siku mama alipojifunga kilemba kwa mikono yote miwili, Upendo alinipigia simu ya video. Nikaona dari, kisha pua, kisha kilemba kimekaa upande.

"Kimepinda," nikasema.

"Acha hivyo hivyo!" mama akafoka kutoka ndani ya simu. "Nimekifunga mimi!"

Elisante alitimiza ahadi. Mama akapewa ruhusa ya kurudi Mamba, na mimi ndiye niliyempa kwaheri. Nikachukua ile karatasi ya maelekezo iliyokuja na kiwiko kutoka hospitali kubwa, nikamsomea mstari kwa mstari, kwa sababu kuanzia hapo sheria zake zilikuwa za maisha yote. Asinyanyue kwa mkono ule kitu kinachozidi pakiti ya sukari. Asibebe ndoo. Asicheze tenisi. Asicheze gofu.

"Gofu ni nini?"

"Ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo."

"Sitacheza," akasema kwa uzito, mkono kifuani. Tukacheka mpaka machozi. Nilijisikia mwepesi siku hiyo. Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa.

Alirudi baada ya miezi miwili. Alikuja peke yake, bila kumwambia mwanawe, mkono ameufunga kwa kanga shingoni. Kiwiko kilikuwa kimevimba. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimekufa ganzi.

"Umebeba nini, mama?"

"Sijabeba kitu."

"Mama."

"Nimekwambia sijabeba! Ndoo analeta jirani. Kuni nakata ndogo. Sukari yenyewe naipakua kwa kijiko." Alikuwa na hasira ya mtu aliyetii na bado akaadhibiwa. "Nilienda msaragambo tu."

Ninyi mliokulia mijini niwaeleze. Kwetu milimani maji ya mashamba huja kwa mfereji, na mfereji hauna mwenyewe, ni wa wote. Mvua ikiujaza tope, asubuhi pembe hulia, na kila nyumba hutoka na jembe. Huo ndio msaragambo. Kila nyumba ina kipande chake cha kuzibua. Aliye mgonjwa kitandani anasamehewa bila swali. Lakini Mama Elisante hakuwa kitandani. Alikuwa anatembea, amefunga kilemba, kovu liko ndani ya mkono wa sweta. Pembe ilipolia mara ya kwanza alitoka, akashika jembe dogo, la kupalilia, mkono wa kushoto ndio wenye nguvu, wa kulia unaongoza tu. Matope yenyewe aliyabeba kwa mkono wa kushoto. Akalima kipande chake chote. Mara ya pili pia. Mara ya tatu kidole kikalala na hakikuamka.

"Karatasi yako ilisema nisibebe," akaniambia. "Jembe sikulibeba. Nililima nalo."

Nilikaa kwenye kile kiti cha skrubu iliyolegea. Mimi ni Mpare. Pembe ile iliniamsha utotoni mara nyingi kuliko jogoo. Mama yangu alikufa na sugu za mpini viganjani. Na nilikuwa nimemsomea mwanamke wa Mamba habari za gofu, nikacheka naye, nikamfungulia mlango aende, bila kutamka neno jembe. Uzito nilikuwa nimeupima. Mshtuko, ule unaopanda kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mpini hadi kwenye chuma kilichozama mfupani, huo niliusahau, kwa sababu aliyeandika karatasi hakuujua na mimi niliyeujua nilikuwa nasoma karatasi.

"Kosa ni langu," nikamwambia.

"Chuma kimelegea?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo. "Kama kimelegea usimwambie Elisante leo. Niache nilale usiku mmoja."

Tulipiga picha. Niliisubiri nikiwa nimesimama, siwezi kukaa. Tuliituma kwa daktari aliyempasua, naye akajibu kabla ya jua kuzama: chuma kimekaa palepale, msuli ndio umechokozwa, na mshipa umebanwa na uvimbe. Apumzike, tuanze upya. Nilipomwambia, Mama Elisante alifunika uso kwa mkono mmoja, ule mzima.

Elisante alijua, bila shaka. Kitu kama hicho hakifichiki Same. Alikasirika kwa utaratibu, kama watu wapole wanavyokasirika. "Daktari, nilikuamini," akaniambia. "Sasa atakaa hapa. Hilo nalo tulizungumze tena?" Nikaomba wiki sita.

Katika wiki zile, huku kidole kikiamka taratibu na maharage yakirudi mezani, nilipanda Mamba. Hicho ndicho nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, na ndicho ninachowasihi mfanye: nendeni mkaone mkono unarudi wapi. Nilimkuta msimamizi wa mfereji, Baba Senzia, mtu mnene mwenye dharau ya kuchekesha, amesimama na majirani kadhaa juu ya mfereji.

"Kiwiko cha chuma!" akasema nilipomweleza. "Daktari, jembe langu ni la chuma na linalima mwaka mzima. Chuma kipi hicho kinachochoka kuliko mfupa?"

Watu wakacheka. Nikamwomba lile jembe. Nikalitikisa, na kwa bahati yangu lilikuwa linacheza kidogo kwenye mpini.

"Hili limelegea."

"Limelegea, ndiyo. Ni la kulimia, si la kutazama."

"Unalifanyaje likilegea?"

"Nachonga kabari, nagonga, basi."

"Na mkono wake ndivyo ulivyo. Chuma kimeingizwa ndani ya mfupa kama mpini wako ndani ya jembe. Kila akipiga jiwe kinatikisika. Siku kikilegea, baba, mimi sina kabari."

Hakucheka tena. Alilichukua jembe lake, akalitikisa mwenyewe, akasikiliza mlio wake.

"Kumbe," akasema. "Mbona hakutuambia?"

"Angewaambia nini? Kwamba anaonekana mzima lakini asilime?"

Jirani mmoja, Nanzia, mwanamke aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, akasema kipande cha Mama Elisante ni kifupi, nyumba tatu za jirani zitakigawana. Nikawaambia nyie mnamjua, hatakubali.

"Atakubali," akasema Nanzia. "Sisi hatumpi bure. Mbegu yangu ya tangawizi mwaka jana iliozea ardhini nusu nzima. Yeye akishika kipande cha mbegu anajua kama kitaota. Atuchagulie. Amekaa, kivulini, mkono hauchoki."

Ilibidi akubali kwa ugomvi. Nilipomfikishia habari alisema hataki kuhurumiwa, akamtaka Nanzia kwenye simu, wakabishana kwa Kipare kwa kasi ambayo hata mimi nilikuwa naidaka nusu. Nilisikia Nanzia akipaza sauti, "Nani amekuhurumia? Nimesema mbegu yangu iliozea ardhini!" Mama Elisante akaishika simu mbali na sikio, akanikonyeza. Kipande cha tangawizi, hata kikubwa, hakifikii robo ya pakiti ya sukari.

Siku ya mwisho ya zile wiki sita Elisante aliniita nyumbani. Alinikalisha sebuleni, kwenye lile kochi. Mama alikuwa ameshasimama karibu na mlango, amevaa sweta, mfuko wake mdogo uko chini karibu na miguu. Upendo alikuwa kati yetu na yeye, hajui aelekee wapi.

"Daktari," Elisante akasema, "niambie kama mtaalamu, si kama rafiki yake. Anaweza kukaa peke yake?"

Nikamwambia yote, nikihesabu kwenye vidole. Anakula mwenyewe, anaoga, anajivika, anapika kwenye sufuria ndogo. Halimi tena, hata siku moja, hata kwa jembe la kupalilia. Habebi ndoo. Hajiinui kwa mkono wa kulia. Kidole kidogo kitabaki na ganzi kidogo, labda daima. Na kule juu kuna watu, naweza kuwataja kwa majina, wanaojua hayo yote sasa kuliko wa hapa mtaani.

"Hujajibu swali langu," akasema Elisante.

"Nimelijibu, mwanangu. Hukupenda jibu."

"Mmemaliza?" mama akauliza kutoka pale mlangoni. "Gari la Mamba halina habari na kikao chenu."

Elisante akasimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye duka na watoto, lakini uso wake wakati ule ulikuwa ule wa utotoni. "Mama, ukianguka tena?"

"Nitaanguka, baba. Watu huanguka. Sakafu yako hii ya vigae inateleza kuliko njia yangu."

"Lakini hapa tupo sisi."

"Najua," akasema kwa upole. "Na kule nipo mimi."

Upendo akainama kuuchukua ule mfuko. Mama akamzuia, akauinua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akamshika mkwewe shavuni, akakaa hivyo muda, kiwiko kimekunjwa vizuri kuliko pembe yoyote niliyowahi kupima. Kisha akatoka, akashuka ngazi moja, mbili, bila kushika ukuta.

Upendo alibaki kizingitini mpaka nyayo zikafika barabarani na zikaacha kusikika. Halafu akaufunga mlango, taratibu, kwa mikono yote miwili.